Dirisha la Upande wa Raiti

Bungoma, Alhamisi jioni. Mvua imenyesha tangu mchana na soksi zangu bado zimelowa.

Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni ule wa kuangalia begi la shule tu, machozi yakakulengalenga.

Nilihamia hapa kwa shangazi ili nisome teknolojia na ubunifu, maana shule ya karibu na kwetu Kiminini haina mwalimu wa somo hilo. Baba hakupenda. Ana duka la mbolea, na kwake kuchora ni mchezo wa watoto. Tulikubaliana nijaribu muhula mmoja. Kesho ndiyo mwisho wa kubadilisha masomo, na asubuhi alipiga simu kuuliza kama nimeshahamia Biashara. Nikamwambia angoje alama za modeli tuliyojenga darasani.

Alama zimetoka. Ni aibu tupu.

Mimi na rafiki yangu Nekesa, msichana wa Lugulu, tulipewa kazi ya kubuni chumba cha kusomea cha watoto wa nasari. Yeye alienda kupima kiwanja, mimi nikachora, halafu tukakata kadibodi na kuibandika kwa gundi. Aliporudi kutoka kupima aliniambia, "Dirisha kubwa liweke upande wa raiti." Nikaliweka kulia. Nilichora mpaka shingo ikaniuma.

Leo mwalimu ameinama, akachungulia ndani ya modeli kwa jicho moja.

"Hili dirisha linatazama nini?"

Kulia kwa kile kiwanja kuna ukuta wa stoo. Dirisha letu linatazama matofali.

Nekesa akanigeukia. "Si nilikuambia raiti! Raiti ya jua, bana!"

Kumbe alimaanisha laiti. Mwanga! Darasa zima likaangua kicheko. Na hata siwezi kumcheka, kwa sababu sisi wa Kiminini nasi husema "naenda kurara" bila haya. Ati watu wawili wanaogombana na L ndio wamepewa nyumba wajenge. Mwalimu naye alicheka, lakini alama hakutuongezea.

Nilimnunia Nekesa mpaka getini. Halafu nikajinunia mwenyewe, kwa kuwa sikuwahi kufika kwenye kile kiwanja. Nilichora nilichosikia.

Baba amepiga tena saa kumi na moja. Nikamwambia alama, nikitegemea agombe. Hakugomba.

"Basi mama, umejaribu," alisema kwa upole. "Hamia Biashara, upumzike."

Upumzike! Jamani, hilo neno lilinishika. Nataka kupumzika. Nikamwambia nitafikiria.

Nikaenda jikoni kukata mboga ya sukuma, na hapo ndipo nikaanza kulia. Shangazi akanishika bega, akasema, "Pole, alama ni alama tu, utapata zingine."

Lakini sikuwa nalilia alama. Nilikuwa nawaza wale watoto wa nasari wakikaza macho gizani, vitabu vimegusa pua, ndani ya chumba nilichochora mimi. Watoto wenyewe hawapo. Chumba ni kadibodi. Na bado roho iliniuma vile.

Mtu aliyechoshwa na somo hawezi kulilia watoto wa kadibodi.

Sihami. Sijui nitamwambia Baba kwa sauti gani, lakini nampigia sasa hivi, kabla sijaogopa.