Vifaranga wa Marta Wamekula

Jumanne, Bel-Air

Wamekula. Nimeona kwa macho yangu, matumbo yao yamejaa na kuwa mekundu.

Tangu juzi, kiini cha yai walichozaliwa nacho kilipokwisha, sikuwa na amani. Kambale aliyewataga ndiye wa mwisho kati ya wale aliowafuga marehemu mke wangu, Marta. Vifaranga wa uzazi uliopita tuliwapa unga, ukaoza majini, wakafa wote. Hawa nao wakifa, kazi ya Marta imekwisha.

Safari hii nilitia mavi ya kuku katika shimo la maji, nikangoja mpaka wadudu wadogo wekundu wakaanza kurukaruka. Leo asubuhi nimewachuja kwa kitambaa chake cha kichwa, kile cha harusi ya dada yake. Sina kingine chenye matundu madogo hivyo.

Jirani yangu, Mama Kapinga, alichungulia juu ya ukuta. “Citoyen! Benzako banachunga mbuzi, weye unachunga badudu?”

“Samaki mutoto anakula kitu yenye kutembea, mama. Kama haitembee, haione.”

“Basi utembeze bukari!” alicheka, akarudi kusonga huo ugali wake.

Nilimimina wadudu katika beseni. Vifaranga walitulia, kisha mmoja akadaka, mwingine, wote. Nilifurahi mpaka nikageuka nimwite Marta aje aone. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikamwita Mama Kapinga. Alikuja na mikono yenye unga, akainama juu ya beseni.

“Iko inakula, baba,” alisema. “Marta angecheza ngoma leo.”