Mafundo Uliyofunga Wakati wa Mvua

Baba,

Nakuandikia kwa mikono ambayo nimeinawa kwa sabuni, kwa majivu na kwa ndimu, na bado inanuka. Mama anasema harufu iko kichwani mwangu, si mikononi. Huenda. Lakini wewe uliyekuwa unanusa majani ukajua nani amepita, ungeipata tangu mlangoni ukaniambia nikae nje.

Nianze na habari za nyumbani, maana najua ungeuliza. Bado tuko mtaa wa Bigo, nyumba ileile ya kupanga tuliyoingia tulipokimbia kutoka Djugu. Mama amepanda mboga za lengalenga pale ulipokuwa unaweka kiti chako. Anasema udongo wa pale ni mzuri. Mimi naona hataki mtu mwingine akae hapo. Wavu wako wa kuwindia unaning'inia juu ya kitanda, umezungushiwa turubai la plastiki, na kengele ya mbwa imo ndani. Mimi bado nashuka ziwani Kasenyi kuchukua samaki na kuja kuwauza sokoni. Na mvua zilipoanza nilifanya ulivyonifundisha: nilimwambia mtu wa pikipiki anishushe katikati ya mteremko, nikaingia vichakani mikono mitupu.

Unakumbuka walivyokucheka? Mwindaji gani huyu, anakwenda porini wakati wa mvua bila mkuki, bila mbwa, na binti nyuma yake amevaa mabuti ya kaka yake! Kaka zangu ulishawachoka, kila wakiona pongo, yule swala wa vichakani, wanarusha mawe. Mimi ulinichukua kwa sababu, ulisema, nilikuwa mvivu wa kuongea, na mpaka leo sijui kama ulikuwa unanisifu. Tulitafuta alama za kwato kwenye tope, mavi, magome yaliyokwanguliwa na pembe. Pale njia ya wanyama ilipobana kati ya miti, ulichukua mche mwembamba ukaupiga fundo, ukauacha ukue hivyohivyo, ili kiangazi kikifika na nyasi zikiungua wenzako wajue pa kutandaza wavu.

"Weye angalia tu. Usishike kitu. Sasa majike iko na mimba," ulikuwa unaniambia.

Na tukirudi, aliyeuliza tumeona nini alipewa jibu moja: matope tu. Kumtaja mnyama kabla ya msimu kulikuwa kubaya kwako kuliko matusi. Hata Mama ulimjibu matope tu, mpaka siku moja akauliza kama ayapike na mafuta au bila mafuta.

Mwaka huu nilifunga peke yangu. Wenzako wa wavu walikuwa wamekubali kwamba windo la kiangazi kijacho ndilo litaondoa matanga yako: wavu wako katikati, nyama ya kwanza kwa Mama. Sikuwa nataka kitu kingine, Baba. Nilikuona ukiondoka hospitali bila hata kuaga, umefunikwa shuka la wengine, nikasema angalau hili nitalifanya sawasawa. Kwa hiyo kila fundo nililikaza kama ulivyokuwa unakaza, na Papa Dieudo alipouliza nimeona nini, nilimjibu matope tu. Alicheka. Alikuwa ameshika ncha ya pili ya wavu wako miaka yote, hakuhitaji zaidi ya hapo kujua kwamba nimefunga.

Majuma machache baadaye nikarudi kuangalia kama miche imeshika. Harufu ilinipokea kabla sijafika kwenye wa kwanza.

Ilikuwa waya, Baba. Waya wa breki ya pikipiki, umefungwa kwenye shina la jirani, kitanzi kimewekwa chini ya fundo langu. Pongo jike alikuwa amelala hapo siku nyingi. Shingo ilikuwa imekatwa mpaka mfupa, tumbo limepasuka lenyewe kwa joto, na ndani yake mtoto mwenye kwato laini bado, amejaa funza. Nikaja kwenye fundo la pili, waya. La tatu, waya na mguu peke yake, mwenye mguu amejikata akaenda kufia anakojua. Kila nilipofunga mimi, mtu alikuwa amepita nyuma yangu akatega. Na kilichonichefua zaidi si funza. Ni kwamba hakuna aliyerudi hata kumchukua yule jike. Wangemla, ningesema ni njaa, njaa tunaijua wote. Walimwacha aoze kwa sababu waya zilikuwa nyingi kuliko miguu yao ya kuzizungukia.

Jumapili, baada ya misa, Papa Dieudo akaja kutusalimia na nyama ya moshi imefungwa kwenye majani. Alikusifu vizuri sana huku anajipangusa mafuta kwenye suruali. Huyu ndiye aliyelia msibani kwako kuwashinda wanao. Nilimuuliza habari za waya mbele ya Mama, naye hakuona sababu ya kuficha. Wavu unataka watu, mbwa na makelele, alisema, waya unalala kule wenyewe na yeye analala kwake. Nikamwambia hiyo ilikuwa njia yako.

"Baba yako alishakufa. Sasa ile nyama iko ya nani? Iko ya ule mwenye anafika wa kwanza." Halafu akanitazama kwa upole kabisa. "Na weye ulifunga muzuri, mutoto. Sikuchoka kutafuta."

Mama alikuwa anatafuna. Alilitoa tonge mdomoni, akaliweka ukingoni mwa sahani, akalifunika na kikombe. Papa Dieudo akaendelea kula. Tangu siku hiyo siwezi kukaa jirani na nyama. Hata wale wanaochoma karibu na meza yangu sokoni, nimehama kwa sababu yao.

Jana nimeshuka kule tena na koleo. Nimekata kila waya niliouona na nimezitupa zote chooni, ndani kabisa. Mafundo yangu nimeyafungua. Yalifunguka kirahisi, miche ilikuwa bado michanga. Kisha nikafika kwenye lile fundo lako la zamani, kando ya jiwe tulilokuwa tunakaa kuangalia ziwa. Mti umekuwa mnene kama mkono wangu na fundo limemezwa na gome. Nililivuta kwa kucha, nikalia kwa hasira kama mjinga. Kule mlimani hakuna kitu kingine kilichobaki kilichopita mikononi mwako. Nikalikata na kisu chako. Limo ndani ya wavu sasa, pamoja na kengele.

Wavu hautashuka kiangazi kijacho. Nimewaambia wenzako, nao wamenuna, wanasema tangu lini mwanamke anazuia windo. Wanune. Matanga yako tutayaondoa kwa maharage na samaki wa Kasenyi, na Papa Dieudo akija atakula nje.

Lala, Baba. Siwezi kukuahidi windo, sijui kama litakuwepo tena. Nakuahidi mvua. Kila zikianza nitashuka kwenye ule mteremko bila mkuki na bila mbwa, nitaangalia, na sitafunga hata jani.

Jana niliporudi Mama aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia matope tu. Lakini wewe nakuambia: chini ya mti wako tope lilikuwa bichi, na kando ya alama za kwato za jike kulikuwa na vidogo vya mtoto wake, vinakimbia kumfuata.

Binti yako,
Furaha