Kasonde wa Mokambo

Annexe, Lubumbashi, Jumapili baada ya ibada

Kwa yaya yangu mpendwa Clément, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za nyumba yote. Mguu wa mama umepungua kuvimba, na vitumbua vyake bado vinaisha kabla ya saa tatu. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho siku ya Krismasi kimekwisha. Ningekuandikia kwa simu ya mama, lakini unajua simu hiyo inasomwa na lupango yote, ua mzima mpaka wapangaji.

Yaya, katika barua hii kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hadi leo. Nitalifikia. Kwanza nikuondolee taabu. Papa Émile, dereva wa lori la unga, bila shaka amekwisha kukukabidhi Biblia kubwa iliyofungwa katika kitenge, yenye karatasi iliyoandikwa: “Kwa Kasonde, kwa mkono wa Clément wa duane.” Nakujua. Najua umekwisha kuwauliza madereva wote wanaosubiri kupita mpaka hapo Mokambo, kwenye forodha yenu. Acha kumtafuta. Kasonde hayupo. Mimi ndiye niliyemtunga.

Mambo yalianza mwezi wa kwanza, wakati Ndugu Doudou, kiongozi wetu wa vijana, alipoleta desturi mpya. Kila Jumamosi kijana anasimama na kutaja jina la mtu aliyezungumza naye habari za Yesu wiki hiyo. Jina linaandikwa katika daftari la kijani, wote tunaitikia Amina, kisha majina yanapelekwa kwa akina mama wa maombi wa Jumatano.

Nilijaribu kweli. Siku moja mama alinituma Golf, mtaa wa matajiri, kupeleka vitumbua vya sherehe kwenye nyumba yenye lango jeusi. Mlinzi alikuwa ameketi peke yake, nikajiambia ndiye huyu. Maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja, lakini jasho liliyafuta. Nikasema tu kwamba nina habari njema. Akauliza: “Habari ya kazi? Patron wako anatafuta bantu ba kazi?” Nikasema hapana. “Sasa uzuri yake iko wapi?” Nikamwamkia mara ya pili, kama mtu aliyesahau kwamba ameshaamkia, nikaondoka mbio na kuliacha beseni la mama pale langoni.

Shuleni ni vibaya zaidi. Naketi benchi moja na Ramla, binti wa fundi cherehani, watu wa Maniema. Mwezi wa Ramadhani ukifika, mtu akimpa mkate, Ramla husema amefunga, bila sauti kubwa na bila haya, na hakuna anayemcheka. Mimi nikitaka kuombea chakula changu najifanya nakuna paji la uso.

Basi wiki tatu nilisimama nikasema sina jina. Wiki ya nne Merdi, ambaye kila mara huja na majina matano, akasema watu wote wasikie: “Muache Séphora. Iko nahubiria bitabu yake. Siku moja dictionnaire itaokoka!” Walicheka hata wale wanaonipenda. Ndugu Doudou alikuwa ameinua kalamu, akiningoja. Nikasikia kinywa changu kinasema: Kasonde. Alikuja kununua vitumbua kwa mama, nikaongeza, na sasa amerudi kwake Mokambo, tunaandikiana. Aliacha kusali miaka miwili iliyopita. Wakaitikia Amina kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia baada ya jina langu.

Nilidhani uwongo ule ungelala ndani ya daftari. Lakini kila Jumamosi waliniuliza Kasonde anaendeleaje, na mimi, niliyeshindwa kumwambia mlinzi sentensi moja, nilipata sentensi nyingi. Walinyamaza wakinisikiliza. Merdi mwenyewe aliuliza kama Kasonde analala vizuri siku hizi. Nakiri, yaya, kwamba nilikuwa naingoja Jumamosi.

Unamkumbuka Kaku Ntumba, mjane wa mzee wa kanisa, yule bibi anayekaa peke yake nyuma ya kinu cha mahindi? Ndiye aliyemchukua Kasonde. Katika akina mama wa Jumatano kila mmoja huchagua jina na kulibeba, na yeye alichagua hilo. Mimi ndiye ninayemchotea maji kila asubuhi, kwa hiyo kila asubuhi alinipa salamu za kumpelekea. Wiki iliyopita akaamua kumfungia siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, kwa maji peke yake. Umri wake unaujua.

Jumatano asubuhi alinifuata bombani. Alikuwa anacheka. Alisema: “Séphora, leo inaisha. Sasa Kasonde atarudia Mungu, utaona.” Kisha miguu ikamwishia, akaketi chini kwenye matope katikati ya ndoo zetu. Wanawake walimshika, mmoja akakimbia kuleta maji ya sukari, na kikombe kikatiwa mkononi mwangu nimnyweshe. Akageuza uso. Alisema alimwahidi Mungu mpaka jua litue, hawezi kuvunja ahadi kwa ajili ya matope. Yaya, nilikuwa nimeshika kikombe. Maneno mawili tu yangetosha anywe: Kasonde hayupo. Lakini foleni yote ilikuwa inasikia. Sikuyasema. Nilishika kikombe kile mpaka mtu akanipokonya, na yeye alikaa na njaa yake mpaka jioni kwa ajili ya mtu ambaye nilimtunga ili nisichekwe.

Alhamisi alimpa Papa Émile ile Biblia. Ilikuwa ya marehemu mume wake, ina alama zake za penseli. Niliporudi kutoka shuleni lori lilikuwa limekwisha kwenda.

Ijumaa sikuweza kusoma hata ukurasa mmoja. Nilikwenda kwa Kaku Ntumba, nikamkuta anachambua sombe, majani ya muhogo, nikapiga magoti nikamwambia. Mikono yake ilisimama juu ya majani. Akauliza: “Kumbe siku tatu yote nilikuwa napatia Mungu jina ya uongo?” Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilikuwapo alipoanguka, kana kwamba amesahau, kumbe hakusahau. Nikasema ndiyo. Kisha akauliza Biblia ya mume wake iko kwa nani sasa. Nikasema iko kwako, yaya. “Kwa Clément,” akasema. “Basi ikae kule.” Akarudia sombe yake. Nilipoinua ndoo, akaniambia niiache, nisimchotee maji mpaka atakaponiita. Hajaniita.

Jana Jumamosi nilisimama kabla zamu yangu haijafika, nikasema Kasonde hayupo na hakuwahi kuwapo. Hakuna aliyecheka. Merdi alisema polepole: “Lakini mimi nilimuombea.” Hilo liliniuma kuliko kicheko. Ndugu Doudou alifunga daftari, akasema sitasoma tena Neno mbele ya kanisa kwa muda, na unajua kwamba kusoma ndicho kitu pekee ninachoweza kukifanya mbele ya watu bila kutetemeka. Leo aliyesoma badala yangu ni Estelle. Amesoma vizuri.

Sasa nafika kwenye lile jambo. Wote wanajua kwamba nilimtunga Kasonde. Hakuna aliyeniuliza nilimtoa wapi.

Niliwaambia Kasonde alikuwa mpiga ngoma kanisani, na kwamba mkono wake wa kushoto ulitangulia wa kulia kidogo, ndiyo maana nyimbo zake zilikuwa zinacheka. Niliwaambia kanisa lake lilimwombea baba yake siku arobaini, na baba akafa, na siku ya mazishi mtu mmoja akasema imani ya nyumba ile ilikuwa ndogo. Niliwaambia Kasonde alizitoa fimbo zake za ngoma mfukoni, akaziweka juu ya benchi la mbele, akatoka, na tangu hapo hata chakula hakiombei. Jina tu ndilo lilikuwa la uwongo. Mengine yote ni yako.

Nisamehe kwa kuyapeleka mbele ya watu bila idhini yako. Nilificha jina lako, lakini siwezi kusema nilifanya hivyo kukulinda wewe peke yake. Siku uliyotoka kanisani nilikuwa kwenye benchi la pili kutoka mlangoni. Ulipita ukanigusa kichwa. Nilitaka kusema kitu, nikaangalia kitabu changu cha nyimbo. Tangu siku ile umekuja nyumbani mara nne, na mara zote nne nilikuuliza habari za barabara.

Nilichotaka kukuambia ni kifupi. Mimi bado naamini, yaya. Baba alipokufa nilikasirika kama wewe, lakini nilikasirika nikiwa ndani ya kanisa, na kila asubuhi kabla ya kwenda bombani nakutaja kwa jina lako la kweli. Yule mtu aliyesema habari za imani ndogo alisema vibaya, na mimi nilimsikia nikanyamaza. Sikuombi urudi. Nakuambia tu kwamba kuna mtu anayekutaja. Biblia ikae nawe. Ukitaka uifungue, hutaki uiache katika kitenge chake. Lakini Kaku Ntumba mwandikie mstari mmoja kwamba imefika, usimwache bila jibu.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Wapangaji wanakusalimu. Mungu akulinde kwenye hiyo barabara ya vumbi.

Ni mimi mdogo wako,
Séphora

Nyongeza, Jumatatu. Nimefungua bahasha tena. Asubuhi hii nimempelekea Papa Émile barua pale wanapopakia unga. Aliipima mkononi, akasema kwa sauti yake ile kubwa: “Hii ni ya Clément. Na ya Kasonde wako iko wapi?” Wapakiaji walisimama kusikiliza, magunia mabegani. Nikamwambia hakuna Kasonde, nilidanganya. Akaniuliza, sasa ile Biblia ambayo aliibeba mpaka mpakani kama yai, ni ya nani? Nikasema, na nadhani hata waliokuwa juu ya lori walisikia, kwamba ni ya yaya yangu, ambaye ninamwombea. Kisha nikaazima kalamu yake, nikaandika haya, nikaifunga bahasha, nikaenda shuleni.