Uzi wa Urefu wa Baba

Tarehe 4 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua kile kimepoa? Unakula, au bado unashindia chai? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ila mdomo hauumwi, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Mwanao Kibiriti ana miaka tisa sasa, na anazidi kuwaka.

Nakuandikia kwa sababu simu unaikata. Kila nikipiga, uko juu ya lifti unatengeneza. Barua huwezi kuikata.

Shule zikifungwa Agosti tunakwenda kupiga kambi baharini, familia nzima, siku tatu. Wazo ni la Mama. Anasema maisha yake yote bahari iko saa mbili tu kwa basi, na hajawahi hata siku moja kuamka akaikuta mlangoni. Jumamosi mimi na shemeji yako tulikwenda kuchagua mahali. Ufuo mrefu unapendeza macho, lakini upepo ulimvua shemeji yako kofia, akawa anaikimbiza kama kuku wa kuchinjwa. Mbele kidogo tukakuta ghuba ndogo, mawe huku na huku, maji yametulia kama ya beseni. Kuna bomba, kuna choo, na njia ni tambarare mpaka mchangani, Mama atapita na fimbo yake. Mlinzi akatuonyesha mstari wa mwani mkavu: "Hema lenu likae juu ya huu mstari, mama. Chini yake mwenye nyumba ni maji."

Hema nitashona mwenyewe. Miaka kumi na tisa nashona maturubai ya malori, nitashindwa na nyumba ya siku tatu?

Ninakuomba kitu kimoja: uje. Ni miaka sita tangu ulipomleta Kibiriti "kwa wiki mbili tu", baada ya kumzika mama yake. Sikulaumu, na Mungu ananiona. Nasema uje.

Dada yako


Tarehe 16 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama umfikishie shikamoo yake. Kifua kimepona. Nakula, juzi nilipika hadi mboga.

Kuhusu hema: vigingi vya chuma kwenye mchanga ni bure, upepo ukija vinang'oka kama meno ya mtoto. Shona mifuko minane kwa turubai hilohilo. Kila mmoja ujaze mchanga, uufunge kamba, uuzike kina cha mkono hadi kiwiko. Nimekuchorea fundo nyuma ya karatasi hii. Ndilo tunalofungia kamba za vifaa, halilegei.

Agosti kazi ni nyingi. Tuko mafundi wawili kwa majengo kumi na moja. Nikiondoka siku tatu, watu watapanda ngazi huku wananilaani. Tutaona.

Msalimie Kibiriti.

Mdogo wako


Tarehe 25 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo tena? Kumbe kifua kimepona, sala hazikwenda bure. Mifuko nimeshona yote minane. Fundo lako limewashinda mapacha wangu, na ukubwa wote ule. Kibiriti kalifunga mara ya kwanza.

Vigingi umenijibu vizuri. Swali la kuja umeliruka kama dimbwi.

Sasa sikiliza. Hesabu za karatasi unajua mimi nazo hatuelewani. Turubai la lori nalipima juu ya lori, basi na hema nikasema nilipime juu ya watu. Jumapili baada ya ibada tulitoa viti sebuleni, nikawalaza wote sakafuni, nikawachora kwa chaki mmoja mmoja. Mama kwanza, karibu na mlango apate hewa. "Usinichore mnene," akaniambia. Wakafuata mapacha wawili, wasichana wale wana miguu kama ngazi. Shemeji yako nikamtupa mwisho kabisa, kwa sababu ya kukoroma. Kibiriti akalala katikati, na ubavuni mwake akaacha nafasi, akailinda kwa mguu.

"Hapa ni baba," akasema. "Mchoreni."

"Ana urefu gani?" nikawauliza wenzangu.

Mapacha wakasema unafika juu ya mlango. Shemeji yako akasema yeye anakumbuka viatu tu. Mama akanyoosha mkono, akaushusha, akaupandisha tena. Kibiriti akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akaweka chaki chini.

"Basi hakuna anayemjua."

Mimi niliyekubeba mgongoni nikaiokota chaki, nikaitia mfukoni.

Nakuomba, chukua uzi, ukanyage ncha moja kwa kisigino, mwenzako aufikishe utosini, ukate, uutie kwenye bahasha. Si lazima uandike neno.

Dada yako


Tarehe 17 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi ni mzima, nisamehe kwa kukaa kimya.

Uzi sijautuma. Nimeukata mara mbili, uko hapa mezani.

Nikwambie ukweli, maana nisipokwambia wewe nitamwambia nani. Mwaka jana nilipokuja, Kibiriti alinipokea mlangoni, akanipa mkono. Akanionyesha kiti. Akaniletea maji kwa trei, kwenye glasi ile ya maua, akaniuliza, "Utakunywa chai, au una haraka?" Vilevile anavyomuuliza mtu anayekuja kusoma mita. Nilikunywa yale maji yote, dada, nikairudisha glasi kwenye trei. Ndiyo maana nilikwenda kulala nyumba ya wageni. Mgeni hulala kwa wageni.

Siku tatu za kukaribishwa na mwanangu mwenyewe siziwezi. Afadhali nichukue chumba karibu na hiyo ghuba, niwe nakuja mchana kuwakagulia kamba.

Mdogo wako


Tarehe 23 Julai

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Salamu. Leo sikuulizi kifua, nakuuliza moyo. U hali gani?

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimepiga magoti. Kosa ni langu. Siku ile uliyokuja, ni mimi niliyemfundisha tangu alfajiri: "Baba yako anatoka mbali, mpe mkono, mpe kiti, usimrukie, usimpigie kelele." Ile trei aliizungusha jikoni na glasi ya maji mpaka akaweza bila kumwaga tone. Swali la chai nilimpa mimi, neno kwa neno. Wewe ulimwona mtu anakaribisha mgeni, kumbe mtoto alikuwa kwenye mtihani. Ulipoondoka aliniuliza, "Shangazi, nimefaulu?" Nikamwambia amefaulu. Mungu anisamehe, nilidhani nafundisha adabu.

Chumba cha kupanga sahau. Sikumsomea barua yako, ila nilimuuliza tukiwa tunakunja nguo, "Baba akija baharini, utampokeaje?"

Akaniangalia kama nimepungukiwa. "Kwani hema lina sebule, Shangazi? Atakuwa mgeni akae wapi?"

Huyu mtoto ataniua.

Jana nilipiga deki, chaki yote ikafutika. Lakini ile nafasi yako aliiwahi, akaiwekea mto. Haujaondolewa. Tunauzunguka kama shimo, na Mama na fimbo yake anauzunguka. Turubai nimekata, upande mmoja nimeuacha wazi. Nasubiri uzi.

Dada yako


Tarehe 3 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wazima? Mimi mzima kabisa.

Uzi huu hapa. Aliyeufikisha utosini ni bosi wangu. Aliniuliza ni wa nini, nikamweleza, akaweka mkasi chini, akaniandikia ruhusa palepale. Siku nne, sikuomba hata.

Lakini hema lako lina kasoro. Kazi yangu ni kuhesabu vichwa kabla mlango wa lifti haujafungwa, na nimehesabu barua yako ya Juni. Mama. Mapacha wawili. Shemeji. Kibiriti. Mimi. Sita. Mwenye chaki hakujilaza.

Dada, wewe utalala wapi?

Mdogo wako


Tarehe 8 Agosti

Mdogo wangu kipenzi,

Hujambo, na bosi wako hajambo? Mwambie namuombea, jina lake analijua Mungu. Sisi wazima wa afya, na furaha juu.

Nimecheka mpaka sindano ikanichoma. Ni kweli kabisa, nilijisahau! Mama akasema, "Ndivyo alivyo tangu mdogo. Anawapakulia watu wote, yeye anakwangua sufuria." Kibiriti akanipokonya chaki, akanilaza, akanichora. "Shangazi ni mpana," akawatangazia. Turubai la kijani lilikuwa limekwisha, nimejiongezea kipande cha bluu. Kwa hiyo ukifika ghubani utaona hema la kijani lenye mstari wa bluu, mstari huo ndio mimi.

Uzi wako sikuuwahi. Kibiriti aliudaka bahasha ilipofunguliwa tu, akaulaza sakafuni kwenye ule mto, na yeye akalala kando yake kajinyoosha. Kichwa chake kilipofika akaweka kidole, akafunga fundo, lilelile ulilotuchorea. "Mpaka hapa ni mimi," akasema. "Hiki kilichobaki ndicho alichonizidi." Niliupima upande wa mwisho kwa uzi huo, hema likaisha jana jioni. Uzi amerudishiwa mwenyewe.

Tutakungoja kituoni tarehe ishirini, saa nne asubuhi. Trei nimeifungia kabatini. Kama utarukiwa, urukiwe, ushike mizigo vizuri.

Limebaki jambo moja, nimeambiwa niliandike leo leo. Kibiriti anauliza ukilala unageukia wapi, kulia au kushoto, ili ajitandikie upande wa uso wako. Hapa hakuna anayejua, na safari hii hataki kukisia. Tafadhali jibu upesi.

Dada yako