Mtoto Anamwita Mwanasesere "Mama", na Mama Mwenyewe Anarudi Jumamosi

Mshauri, nakusoma tangu nikiwa shuleni na sikuwahi kudhani kuwa nami nitakaa chini kukuandikia, lakini naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi dada yangu anarudi na sijui nitamtazamaje usoni.

Dada alipopata nafasi ya kusomea ukunga katika mji wa mbali, mwanawe ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika viti, mviringo mtupu na mashavu tele, ndiyo maana hadi leo tunamwita Tonge. Shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo kesho hayupo, na mama yetu miguu inamsumbua, basi mtoto akabaki na mimi, kwa kuwa nimemaliza chuo na kazi yangu ya kusahihisha maandishi ya watu naifanyia nyumbani. Vitu vya kuchezea vya dukani sikuvitaka, vinapiga kelele na kuwaka taa halafu betri ikiisha vinakuwa maiti. Nikawa natengeneza mwenyewe. Chupa ndogo ya plastiki nikaitia maharage makavu na kukaza kifuniko kwa gundi, ikawa manyanga. Makopo ya maziwa tukayapanga mnara na kuuangusha. Boksi la viatu nikalitoboa na kulitia kamba, likawa gari la kubebea vitunguu. Alasiri jua linapoingia kwa dirisha la jikoni na kulala sakafuni, mimi na yeye tulikuwa tunakaa humo humo ndani ya mwanga, mimi nakata na kushona, yeye analamba kila ninachokiweka chini, na nilihisi dunia imepungua taratibu hadi ikatutosha sisi wawili.

Shida ilianza na simu. Simu yetu ni ya vitufe, haina picha, na dada akipiga, Tonge alikuwa anakimbilia nyuma ya pazia, sauti isiyo na mtu ilimtisha, na dada upande wa pili anauliza, "Yuko wapi? Mbona hanisemeshi?" na mimi namsikia anavyomeza machozi. Ndipo nikachukua blauzi yake ya pamba, ya samawati, iliyobaki kwenye msumari nyuma ya mlango ikiwa bado na harufu yake, nikakata kichwa na mwili, nikajaza vipande vya nguo kuukuu, miguu nikaiunga kwa soksi, nywele nyuzi za sufu, macho nikayatarizi kwa uzi kwa sababu vifungo angevimeza. Mgongoni nikamshonea mfuko wa kutosha simu. Dada alipopiga nikaitumbukiza humo, nikampa Tonge, na mwanasesere akasema, "Mwanangu, umekula?" Mshauri, ungemwona. Alitulia tuli, akalaza sikio kwenye lile tumbo la samawati, akacheka polepole, akasema, "Mama."

"Umesikia?" dada akalia kwa furaha. "Ananijua!"

Nikasema ndiyo, anakujua. Habari za mwanasesere sikumwambia, nilidhani nitamwambia kesho, na kesho zikafuatana. Shemeji akirudi safari hutania, "Haya, na huyu mke wangu wa soksi, leo kapika nini?" nasi hucheka wote, na Tonge humkumbatia mama yake wa blauzi na kucheka pia bila kujua kinachochekwa.

Wiki iliyopita mtandao ulikatika dada akiwa katikati ya wimbo wa kumlaza mchana. Tonge akaanza kumtikisa mwanasesere, "Imba, Mama, imba," midomo inamtetemeka, na kabla sijajua nafanya nini nikageukia dirishani nikaumalizia ule wimbo kwa sauti ya dada, maana sauti zetu watu huzichanganya tangu utotoni. Tonge akauliza, "Mama unaenda?" Nami nikajibu kwa sauti ile ile, "Siendi popote, mwanangu, nipo hapa hapa kwako." Akalala. Nilibaki nimekaa, pazia linapumua, na sikuwa na hakika ni nani aliyekuwa amesema, ila nilijua kwamba sikusema kwa niaba ya dada.

Sasa dada amefaulu, anarudi. Nilipomwambia Tonge, "Mama anakuja Jumamosi," aliniangalia kama anayemwangalia mlevi, akambana mwanasesere kifuani. "Mama huyu." Nikatoa picha ya dada kwenye albamu. "Nani?" akauliza, akaendelea na makopo yake. Na jana dada ananiambia kwenye simu, "Nitasimama tu mlangoni nifungue mikono, utaona atakavyonirukia."

Mama yetu anasema, "Kinyago umekichonga mwenyewe, sasa kinakutisha. Kitie motoni kabla mwenyewe hajafika. Mtoto atalia, atasahau." Nimembeba yule mwanasesere hadi jikoni zaidi ya mara moja nikashindwa, bado ana joto la kukumbatiwa. Nimfiche, nimchome, au ninyamaze yatakayokuwa yawe? Na la mwisho, ambalo sijamwambia mtu: nikifumba macho na kuiona hiyo Jumamosi, namwona Tonge anageuka pale mlangoni na kunikimbilia mimi, na katika ndoto hiyo ninafurahi.

Mama Mdogo wa Tonge

*

Mama Mdogo,

Pole, na hongera pia, kwa sababu mtoto aliyeachwa hajui kusimama leo anaijua sauti ya mama yake, na wapo wengi wasioambulia hata hiyo. Mfuko wa simu mgongoni ni ubunifu hasa. Macho ya uzi badala ya vifungo yameniambia una akili yako timamu. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Umemwacha dada yako ajenge furaha yake juu ya kitu asichokijua. Ataingia amefungua mikono, mtoto atapiga yowe, naye ataamini kwamba hiyo ndiyo adhabu ya kwenda kusoma. Mzigo huo utakuwa umemtwika wewe. Mpigie leo. Simu uishike mkononi, mwanasesere awe chumba kingine. Mwambie yote, na blauzi yake uliyoikata pia, na ile sentensi uliyoisema kwa sauti yake usiiruke. Atakasirika. Mwache akasirike akiwa mbali, akifika awe ameshapoa.

Sauti yake usiiazime tena. Simu ikikatika, sema "simu imekatika". Mtoto atalia, na kulia si ugonjwa. Na siku hizi zilizobaki, mwache Tonge mwenyewe aitoe simu mfukoni na kuirudisha, aitoe tena, aone sauti inakotokea.

Motoni mwanasesere haendi. Mama yako msalimie sana, shikamoo yake nampa, lakini hapo ameteleza: ukimchoma, mtoto atakuwa amefiwa siku ile ile unayotaka ashangilie. Mwache naye. Atamwachia mwenyewe siku atakayoona hamhitaji, na akimburuza mpaka aanze shule, hakuna aliyekufa kwa kuwa na blauzi.

Jumamosi, dada yako asisimame mlangoni kama anayetaka kukamata kuku. Aingie, asalimie wakubwa, akae sakafuni, aongee na wewe tu. Mtoto atalitazama lile tumbo la samawati, kisha atamtazama mgeni. Hapo hapo watu huharibu: wanamnyakua. Asimguse. Mpe dada yako boksi tupu, mkasi na kamba, atengeneze kitu mbele yake, hata kiwe kibaya, magurudumu yapinde. Tonge atasogea mwenyewe kuja kuona. Nawe usimsahihishe, najua kazi yako ni kusahihisha.

Ama ndoto yako, binti, siwezi kukulaumu kwa kuiota. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na umelea. Lakini nimeona wengi wanaoota hivyo wakianza kuisaidia ndoto: wanakaa karibu mno, wanakohoa kidogo ili mtoto ageuke, wanasema "njoo kwangu, mgeni huyo anakutisha, eeh?" Na wewe utaifanya, tena bila kujua, kama ulivyoumaliza ule wimbo.

Kwa hiyo wawili hao wakishaanza na boksi, simama, chukua kikapu, utoke. Nenda sokoni, nenda kwa jirani, popote. Tonge atakapogundua kuwa haupo atalia akikuita wewe, na utamsikia hadi barabarani, na kila mfupa wako utataka kurudi. Usirudi. Dada yako bado hajui kumnyamazisha mwanawe, na hatajua kamwe ukimwahi.