Njiwa na Barabara Ile Ile

Kaka yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi, na kidole chake kilichobanwa na mlango kiwe kimepona. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Huku sisi tunapumua, mimi na mafua yangu, Baba na presha yake na kikohozi chake, na hakuna kati yetu aliye kitandani.

Utashangaa kupata barua na simu ninayo mkononi. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na ukuta wa chumba cha Baba siuamini tena. Soma mpaka mwisho kabla hujanipigia, na ukinipigia, iwe mchana nikiwa kazini.

Tulikubaliana kwamba ukipata likizo uje umchukue Baba akaishi kwako, na mimi nisimwambie kitu mpaka siku ya safari, asije akagoma. Mdomo nimeufunga. Ila tangu tulipokubaliana, Baba amebadilika, na mabadiliko yenyewe hayakuniingia akilini.

Unamjua Baba. Miaka yote ya lori alikuja nyumbani kama mgeni, akala, akalala, akaondoka. Tangu Mama alipotutoka na yeye kuhamia kwangu, maongezi yetu yalikuwa chumvi iko wapi na mlango umefungwa. Basi Jumapili moja akanigongea, akaniuliza kama ningependa tufuge njiwa. Tufuge, si afuge. Mtu ambaye hajawahi kuniuliza nasoma darasa la ngapi! Wewe wajua kazini wananiita Mpaka Nione, kwa sababu kwenye stoo ile ya rangi haliingii kopo bila mimi kulifungua kifuniko. Nikajiambia, mzee huyu ana lake jambo.

Tulianza kwa kuchekwa. Tulinunua njiwa wakubwa kwa muuza ndege wa sokoni, tukawajengea banda juu ya paa la jiko kwa mbao za makasha, tukawalisha, tukawafungulia. Wakaondoka bila kuaga. Kesho yake tukawakuta kwa muuza ndege yule yule, wanauzwa tena. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akatueleza kwamba njiwa hurudi alikokulia, na anayetaka wa kwake achukue makinda. Akatupatia makinda, bado wana vinyweleo vya manjano kichwani, na hakutaka kitu. Hata huo ukarimu niliutilia shaka, nikawakagua mabawa mmoja mmoja.

Nisikufiche, kaka, nilinogewa. Jioni nikitoka kazini nilimkuta Baba ameshasugua banda, ananisubiri ndipo tuwalishe. Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa tukibishana yupi ni yupi. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, ule ambao wewe ulikuwa ukinikoga nao tukiwa wadogo. Nilicheka na Baba mpaka machozi. Na kila nilipocheka shaka ilizidi, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Njiwa walipokomaa ikaja kazi ya kuwapeleka mbali na kuwaachia warudi wenyewe. Kwanza mwisho wa mtaa, kisha darajani, kisha kituo cha mafuta, kila Jumapili mbele kidogo. Madereva wenzake wa zamani walitupa lifti, kikapu magotini. Lakini kila mara barabara ile ile. Nikisema twende upande wa mto, anasema upepo mbaya. Nikisema upande wa reli, anasema nyaya nyingi. Siku nyingine hata jani halitikisiki, bado ananiambia upepo. Tena shati limepigwa pasi.

Kwenye barabara hiyo kuna fundi cherehani, mjane mcheshi, ambaye Baba hakosi kusimama kwake. Nikasema ahaa, kumbe. Nikaenda peke yangu nikijifanya nataka kupunguza sketi, nikambana maswali. Akaniambia kwa upole kwamba mzee amemletea gunia amshonee kifuniko cha kikapu chenye matundu ya hewa, na kwamba amesisitiza kiwe cha safari ya kutwa nzima. Nikarudi sketi imepungua na shaka imeongezeka.

Safari gani? Juzi alipokwenda kunyoa niliingia chumbani kwake. Usinilaumu, ndivyo nilivyo. Chini ya kitanda begi lake limeshapangwa: mashati, dawa, picha ya Mama imeviringishwa ndani ya sweta. Chini kabisa mfuko wa mtama, kiasi cha kulisha njiwa wawili kwa siku chache tu. Barabara ile, kaka, ukiifuata bila kukata kona inafika kwako. Siku zote nilijua. Sikuwaza kwamba na yeye anaiwaza safari hiyo, maana ilikuwa siri yetu.

Alinikuta nimekaa kitandani na mtama mapajani. Hakugomba. Alisema alitusikia kwenye simu siku ile ile ya kwanza, kupitia ukutani, nikikuambia uje umchukue. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba alisubiri nimwambie mimi. Kila Jumapili tukiwa na kikapu alidhani leo nitasema. Halafu akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

“Mama yako alikuwa akikaa dirishani, hajui kama nimefika au nimepinduka na lori. Sikuwahi kumletea neno. Safari hii nilitaka nikifika huko mnakonipeleka, niwafungulie wawili, waje wakwambie nimefika.”

Nikamuuliza kwa nini wawili tu. Akasema wanatosha, kufika ni mara moja.

Kaka, nilikuambia ngazi za hapa zinamchosha. Ni uongo. Niliyechoka ni mimi, kuishi na mtu nisiyemjua. Sasa namjua, na ninaona aibu. Baba haendi. Nilimwambia pale pale. Alilivuta begi, akaanza kutoa mashati moja moja akiyakung'uta, nami nikayatundika.

Wewe njoo kama ulivyopanga, na wifi na watoto. Siku ya kuondoka, kwenye siti ambayo ingekuwa ya Baba tutakuwekea kikapu chenye njiwa wawili, na kifuniko chake. Ukifika, kabla hujavua viatu, wafungulie. Mimi na yeye tutakuwa juu ya paa la jiko, tunatazama upande ule.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na wifi asiinue vitu vizito. Baba naye anakusalimu. Hajui kwamba nakuandikia; au labda anajua, maana tangu nishike kalamu sijasikia kikohozi chake hata kimoja nyuma ya ukuta.

Ni mimi mdogo wako,
Mpaka Nione