Neema Atoka Mapokezi

Sandton, Jumanne, Agosti 2012

Hatimaye leo nimesema, na bado nina kazi.

Tangu dada wa mapokezi aende likizo ya uzazi, mkurugenzi amemweka Neema pale apokee simu. Neema ametoka Dodoma kujifunza ukaguzi wa madaraja, na msimamizi wake ni mimi. Kanuni za wadhamini wake ziko wazi: anayekuja kujifunza hazibi pengo la mwajiriwa. Nilinyamaza, maana kibali changu cha kazi kinategemea kampuni hii.

Asubuhi mama mmoja wa shirika linalomdhamini akanipigia simu. Mkurugenzi alikuwa amesimama kando yangu.

"Neema anajifunza nini siku hizi?"

"Kupokea simu," nikajibu.

Yule mama akasema, kwa sauti iliyomfikia mkurugenzi, kwamba Neema asipotolewa pale leo, atahamishiwa kampuni nyingine. Mkurugenzi akanuna, kisha akakaa mapokezi mwenyewe. Kila alipojaribu kumuunganisha mteja, simu ilikatika. Eish.

Mimi na Neema tukaenda darajani. Akagonga zege kwa nyundo, sikio karibu, akitafuta penye ufa.

Jioni, ndani ya treni, akampigia mama yake. "Mama, leo nimekagua daraja!"

Behewa zima likageuka. Sikumwambia apunguze sauti.